Gitaa, Kompyuta Bapa na Harusi ya Kengele

Jumatatu, 3 Machi

Msiba. Hakuna aliyekufa, lakini naandika kwa mkono wa mtu aliyefiwa.

Dada amepita jioni kuleta kadi ya harusi ya binti yake. Binti yake ni binti yangu! Hilo jina la Kengele nilimpa mimi, kwa sababu ya kicheko chake, hata meno alikuwa hajaota. Nikamuuliza dada, kwa sauti ya mtu asiyejali, siku hiyo nani atapiga muziki. Nilikuwa tayari kusema nitafikiria. Nilishaanza hata kukunja uso kama mtu anayefikiria.

Akasema Vidole.

Vidole! Yule mpiga gitaa mrefu mwenye vidole kama miguu ya buibui. Ana kimashine chake cha taa taa anachokibeba kwa mkono mmoja, anakikanyaga kwa ncha ya kiatu na gitaa linalia kama filimbi, likitaka linalia kama kwaya nzima. Na ubaya wake mkubwa kuliko wote ni kwamba ana adabu. Hata kumchukia ni kazi.

Dada akaniambia nisichukie, mjomba wa bibi harusi anakaa meza ya mbele, na tai, ametulia. Akaongeza kwamba ile amplifaya yangu inaunguruma mno. Kwenye sherehe ya mwisho wageni walitoka nje kuangalia lori limeegeshwa wapi. Uongo! Walitoka wageni wachache tu.

Nikasema sawa dada. Nikaenda chumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu.

Kengele aolewe, mimi niko mezani nakata nyama kwa kisu na uma, na Vidole ndiye anayepiga? Haiwezekani. Nina mpango. Mke wangu asijue kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata!

Wanamuziki wakubwa hawabebi amplifaya. Nimesoma. Wana kabati la chuma lenye mitambo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kama magodoro dukani, na katikati kuna kompyuta. Gitaa linaingia huku, sauti yoyote duniani inatokea kule. Kompyuta yenyewe ni bapa, ile aina ya kufungwa kwa skrubu ndani ya kabati. Maofisi yanazitupa kila yakihama.

Jamaa anayeuza vifaa vilivyotumika alikuwa nayo nyuma ya duka, chini ya viti vilivyovunjika. Ni sanduku la chuma, pana na jembamba kama trei ya mikate, tena zito. Ndani karibu tupu. Akanipa na ubongo wake, ile prosesa, na feni kubwa ya kuipoza, vimetoka kwenye kompyuta nyingine. Nafuu kupita kiasi. Nilipomuuliza kwa nini nafuu hivyo, akasema anataka nafasi.

Mke wangu alinikuta naipitisha mlangoni kwa ubavu. Akauliza hiyo nini. Nikasema kifaa cha kazi. Akauliza kazi gani, maana duka la miwani halihitaji kitu kama kile. Nikasema muziki nao ni kazi. Akauliza nani kaniajiri.

Kuna maswali yanaulizwa ili kuumiza tu.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuja kuitazama. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akasema, "Mwanangu, hii ukioka keki humu itaungua pembeni."

Baadaye. Nimefunga prosesa na feni juu yake. Kila kitu kimekaa barabara. Kifuniko tu hakifungi. Feni ni ndefu kuliko sanduku! Nimesukuma. Nimekalia. Hakifungi. Nimeamua kwamba kifuniko si lazima.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya dukani, na kosa si langu.

Nakata lenzi na kukaza fremu katika duka la miwani la Daktari, ambaye ni bosi wangu na anaona kila kitu, kama kazi yake ilivyo. Duka lina bisibisi ndogo kuliko zote mjini na pampu ya hewa ya kupulizia vumbi kwenye lenzi. Vyote nilivihitaji. Nikaingia na kompyuta mapema, nimeifunika shuka, nikamwambia Daktari ni kioo cha nyumbani kinahitaji kusafishwa.

Nikasubiri amwingize mteja chumba cha kupimia. Nikafunua shuka. Nikaelekeza pampu kwenye tundu la nyuma na kufyatua.

Sijui ile ofisi ilikuwa inafanya biashara gani. Labda ya unga. Lilitoka wingu kama watu wamekung'uta magodoro ya hoteli nzima. Likapita kaunta, likapita rafu za fremu, likaenda mpaka dirishani. Wakati huohuo mteja akatoka kujaribu miwani yake mpya, mama wa makamo, mpole. Akaivaa. Akatazama huku na huku. Akamwambia Daktari kwa masikitiko kwamba heri ile ya zamani, maana kwa hii anaona ukungu mtupu.

Daktari akaniangalia. Nyusi zangu zilikuwa nyeupe.

Nimefuta kila fremu ya duka kwa kitambaa, moja baada ya moja, mpaka saa ya kufunga. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kile kioo cha nyumbani kimetakata. Nikasema sana. Akasema nimsalimie mke wangu, na nimpe pole.

Lakini kompyuta ni safi! Ndani inang'aa.

Jumapili, 9 Machi

Imewaka.

Ilipowaka, mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza nani anasaga nafaka ndani ya nyumba. Ni zile feni ndogo za nyuma. Ziko kwenye mstari kama askari na kila moja inapiga kelele kumshinda mwenzake. Nikamweleza kwamba ni sauti ya nguvu. Akasema nguvu hiyo anaisikia kuliko gitaa. Kweli, nilikuwa napiga gitaa wakati huo na hakuna aliyejua.

Nikaweka mto juu. Ule mzuri, wa sebuleni. Kimya kikapatikana! Nikapiga nyimbo mbili nzuri sana, halafu kukaanza kunuka kama pasi iliyosahaulika, kisha kompyuta ikazima yenyewe. Mto una alama ya kahawia. Nimeugeuza upande wa pili.

Jioni nikamkuta mama mkwe ameketi nyuma ya kompyuta, amevuta kigoda, amenyoosha miguu. Magoti yake yanamsumbua msimu huu. Akanieleza kwamba hewa inayotoka pale ni ya moto na inaingia mpaka kwenye mfupa. Akaniambia niendelee kupiga, yeye hasumbuliwi. Nikapiga. Akatikisa kichwa kwa raha, sijui kwa wimbo au kwa magoti.

Nina msikilizaji.

Jumanne, 11 Machi

Tatizo dogo la kiufundi, ambalo nimelishinda kwa akili.

Nikigusa uzi, sauti haitoki papo hapo. Inaingia kwenye kompyuta, inazunguka huko ndani, inafikiri, halafu ndiyo inatoka. Kama mtu unamwita yuko chooni. Nikipiga wimbo wa haraka, vidole vyangu vinamaliza na spika bado inaendelea.

Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nikajiuliza: sauti ikichelewa, kwa nini nisiwahi mimi? Napiga kila noti kabla ya wakati wake. Ni vigumu mno. Ni kama kumjibu mtu ambaye bado hajauliza. Lakini nimefanya mazoezi tangu nitoke kazini na sasa naweza. Mama mkwe alikuwa anapiga makofi taratibu, mimi nakwenda mbele ya makofi, sauti inatua juu ya makofi. Barabara kabisa!

Vidole na vidole vyake vyote hawezi hili.

Alhamisi, 13 Machi

Kompyuta bapa inahitaji kabati. Kabati za chuma ni ghali, hata zilizotumika. Nikapima vyumba vyote kwa futi kamba. Kabati la viatu la mke wangu, pale kwenye ujia, lina upana uleule. Uleule! Kana kwamba fundi aliyelitengeneza alinifikiria.

Nikatoa viatu, nikavipanga vizuri ukutani. Nikatoboa matundu ya skrubu, nikakata nyuma kwa ajili ya hewa ya mama mkwe, nikapaka rangi nyeusi. Linapendeza. Ukifungua mlango harufu ni ya viatu kidogo, lakini jukwaani nani atanusa.

Mke wangu alirudi kazini akajikwaa kwenye viatu vyake mwenyewe. Nikamwambia kabati lile lilikuwa limeanza kulegea na lingeweza kumwangukia. Akaketi chini palepale kwenye ujia, katikati ya viatu. Halafu akauliza, kwa upole, kama haya yote ni kwa sababu ya harusi ya Kengele.

Nikasema hapana.

Akasema sawa. Akaanza kupanga viatu chini ya kitanda. Upande wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Mambo mengi leo. Nayaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda kununua nyuzi. Nani yuko dukani? Vidole. Akanisalimia kwa mikono miwili. Akasema amesikia natengeneza mtambo. (Kengele huyo! Au mama mkwe.) Akaniuliza unakwendaje. Nikasema unakwenda. Akauliza sauti haichelewi? Nikasema kidogo, kwa hesabu maalumu. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba kwenye programu kuna mahali pa kupunguza kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa. Ukipunguza sana inakwaruza kama kitunguu kwenye mafuta, ukiongeza sana inachelewa. Nitafute katikati. Akanichorea nyuma ya risiti.

Mtego. Nilijua ni mtego. Nikarudi nyumbani nikajaribu ili nithibitishe kwamba ni mtego.

Imekubali. Nagusa, inalia. Papo hapo! Nilikasirika sana.

Mchana nikabeba mtambo wote kwa dada, kwa gari la jirani. Mpango: apige makofi, mimi nipige, aone mwenyewe. Nikawasha. Dada akaziba masikio kwa ajili ya feni, kisha akazoea. Akaanza kupiga makofi. Nikaanza.

Sasa, vidole vyangu vimefundishwa kuwahi. Na sauti haichelewi tena. Basi kila noti ikawa inatoka kabla ya kofi. Dada akaongeza kasi anifikie. Mimi nikawahi zaidi. Akaongeza tena. Wimbo wa taratibu wa mapenzi tuliumaliza tukihema wote wawili. Dada akauliza kama nimeacha kitu jikoni kwenye moto.

Kengele alikuwa mlangoni. Sikumwona alipoingia. Alikuwa amejishika kizingiti, machozi yanamtoka kwa kucheka. Nikafunga mlango wa kabati taratibu. Nikasema haya, tutaonana kwenye harusi, nitakuwa meza ya mbele.

Kicheko kikakatika. Akaja akanishika mkono wenye gitaa. Akamwambia mama yake, "Mama, mjomba atapiga wakati wa chakula. Nimeshasema."

Dada akasema Vidole ameshapewa kila kitu. Kengele akasema Vidole naye anakula.

Wakati wa chakula! Wakati ambao hakuna mtu anayesikiliza, kila mtu anaangalia sahani ya mwenzake. Lakini ni jukwaa. Nimeingia!

Jumatano, 19 Machi

Maandalizi.

Kwanza, unadhifu. Sitaki kioo cha kompyuta, kipanya wala kibodi jukwaani kama ofisi ya posta. Nimepanga kompyuta ijiwashe, ifungue programu yenyewe, ichague sauti yenyewe. Nabonyeza swichi moja, naweka gitaa begani, basi. Nimejaribu na kioo nimekichomoa. Imekubali kila mara. Kibodi ilikuwa bado imechomekwa nyuma, lakini kibodi haina kazi, ilikuwa imelala tu pale.

Mke wangu akauliza isipowaka nitafanyaje. Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni mashine, si punda.

Pili, kuwahi. Vidole vyangu bado vinakimbia. Nimejaribu kuvizuia, vinakimbia tu. Mke wangu alikuwa anakata karoti jikoni, akanisikiliza kupitia ukutani, mwisho akaniita. Akaniambia niketi juu ya ndoo na nifuate kisu. Kisu kikigusa ubao, ndiyo nipige. Si kabla. Tak. Tak. Nikawahi, akasimamisha kisu hewani akanitazama. Tukaanza tena. Tak. Tak. Alikuwa anafuata wimbo kwa midomo, bila sauti, macho kwenye karoti. Nikaona kwamba anazijua nyimbo zangu zote. Hata zile nilizozitunga mwenyewe na kuziacha nusu.

Karoti zikaisha. Akaanza kabichi. Mama mkwe akaja kuuliza wageni wangapi wanakuja.

Tutakula karoti mpaka baada ya harusi. Sasa siwahi. Au nawahi kidogo sana.

Jumamosi, 22 Machi, asubuhi

Leo! Tai imefungwa. Nyuzi mpya. Mtambo uko ndani ya gari la jirani, umefunikwa shuka. Kioo, kipanya na kibodi vyote nimeviacha nyumbani mezani, kwa unadhifu. Mama mkwe amelalamika kwamba magoti yake yatashinda bila huduma.

Mke wangu amenirekebisha kola akasema nimependeza. Najua.

Jumapili, 23 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimelala, nimeamka, bado sijui.

Kengele aliingia ukumbini amependeza hivi kwamba nilisahau kumwangalia Vidole kama anakosea. Hakukosea. Alipiga vizuri, kwa adabu, kisha akateremka jukwaani kwenda kula. Mshereheshaji akatangaza kwamba wakati wa chakula tutaburudishwa na mjomba wa bibi harusi. Watu wakapiga makofi. Nikapanda, nikafungua kabati, nikabonyeza swichi.

Feni zikanguruma. Ukumbi mzima ukageuka. Mzee mmoja akainua sahani yake kama anayetaka kuondoka.

Taa ya bluu ikawaka. Nikaweka gitaa begani, nikangoja, nikahesabu moyoni, nikatabasamu. Nikapiga noti ya kwanza.

Hakuna kitu.

Nikazima. Nikawasha. Ngurumo, taa ya bluu. Hakuna kitu. Nikakaza waya. Nikachomoa waya. Nikaigonga ubavuni kwa ngumi, taratibu, ili watu wafikiri ni sehemu ya maandalizi. Jasho jembamba likaanza kushuka ndani ya tai. Bila kioo sikuweza hata kujua inaumwa nini! Dada alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni, funguo za stoo mkononi, ananitazama. Hakuwa na hasira. Ilikuwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniua.

Vidole akainuka, mdomo bado una chakula, akanyoosha waya wa mtambo wake anipe. Nikakataa. Nilikataa kwa heshima zote. Nikazima kompyuta kwa mara ya mwisho, nikashuka ngazi za jukwaa na gitaa tupu, nimeinua kidevu, kana kwamba ndivyo tulivyopanga.

Gitaa bila umeme katika ukumbi wa watu wanaokula halisikiki. Ilibidi nisogee. Nikasimama kwenye meza ya kwanza, karibu kabisa, nikapiga. Walikuwa wazee wa upande wa bwana harusi. Mmoja akasimamisha kijiko hewani akaniuliza kama naujua wimbo fulani. Jina halijui. Akauimba kwa pua. Nikautafuta, nikaukosa, nikautafuta tena chini kidogo, nikaupata. Mkewe aliyekuwa pembeni akaacha kula. Akamwambia, "Wewe mzee, kumbe unakumbuka?" Mzee akaangalia sahani yake kama mvulana.

Meza ya pili wakaniita. Ya tatu wakanivuta shati. Nilikuwa nimeona ukumbi mmoja mkubwa, kumbe ni meza nyingi, na kila meza ina wimbo wake. Mmoja aliomba wimbo wa tangazo la sabuni, nikampigia. Nikajikuta jikoni, napigia wanaoosha vyombo, na mama mmoja mwenye povu mpaka kwenye viwiko akaimba sauti ya pili ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye redio. Nilisahau kabisa kwamba nimeaibika.

Nilipotoka jikoni, Kengele alikuwa ananingoja, ameshika gauni lake kwa mikono miwili. Akaenda akamnyang'anya mama yake funguo, akamvuta katikati, pale mbele ya meza yao.

Dada hajacheza tangu shemeji alipofariki. Kila sherehe yeye ndiye mwenye funguo, anahesabu sahani, hakai. Akawa anakataa, anaonyesha jikoni, anasema kuna wali unamngoja. Kengele akamshika mikono. Wakanitazama wote wawili.

Nikaanza taratibu. Dada akainua mguu, akasahau ulikuwa unakwenda wapi. Nikamngoja. Akaukumbuka, akaweka. Nikapiga. Akainua wa pili, nikamngoja tena. Sikuwahi hata mara moja. Nilikuwa naangalia viatu vyake tu, nikiwa karibu naye kama mtu anayemvusha mwenzake barabara. Polepole miguu ikazoea. Akacheka, halafu analia, halafu vyote viwili, na Kengele naye hivyohivyo, na kile kicheko chao kumbe ni kimoja, sikuwahi kulitambua hilo.

Nikasikia gitaa lingine nyuma ya bega langu, laini, linajaza pale ninapoacha. Vidole. Bila mtambo wake, bila taa. Hajaalikwa! Amesikia wivu, maskini, akaona bora ajipenyeze. Nikamwachia. Siku ya harusi mtu hagombani.

Dada alikuja baadaye akanishika uso kwa mikono yote miwili, mbele za watu, kama nilipokuwa mdogo. Alitaka kusema kitu. Akasema nikale, chakula kinapoa.

Nimeketi nimekula. Lakini rohoni nimeumia. Mtambo mzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyeusikia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeiwasha nyumbani, nimechomeka kioo. Maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Yanasema:

Kibodi haijapatikana. Bonyeza kitufe chochote kwenye kibodi ili kuendelea.

Nimeyasoma mara nyingi. Nimemwita mke wangu ayasome. Akasoma, akaketi kitandani, akaanza kutikisika mabega bila sauti. Akamwita mama yake. Mama mkwe hakuona tatizo. Akasema huyo alikuwa anangoja kubonyezwa tu, mbona nilimnyima.

Kisha mke wangu akafuta machozi, akaniambia kwa dhati kabisa kwamba katika miaka yote hii hajawahi kunisikia nikipiga vile. Hata mara moja. Akasema alitamani ukumbi usikilize mpaka asubuhi. Akasema anadhani sasa nimeshajionea mwenyewe nini kinachohitajika.

Nikamjibu kwamba nimejionea.

Jumanne, 25 Machi

Yule mzee wa wimbo wa pua amempigia dada simu. Anataka nikapige kwake, yeye na mkewe wanakusanya watoto na wajukuu. Amesisitiza nije kama nilivyokuja, na gitaa tu, nikae karibu nao. Nimemwambia dada amjibu ndiyo.

Amesema gitaa tu kwa unyenyekevu, hataki kunisumbua. Watu wazima wana haya. Nitamfanyia mshangao.

Maana nimewaza tangu asubuhi, hata fremu ya mteja mmoja nimeikaza kinyume. Mke wangu kasema sijawahi kupiga vile. Dada kalia. Waosha vyombo wameimba. Sasa mtu aketi atafakari: ni kitu gani kilikuwepo Jumamosi ambacho hakijawahi kuwepo sherehe nyingine yoyote? Ni kompyuta bapa! Na ilikuwa imezimwa! Kama ikiwa imezimwa imefanya hayo yote, siku itakapowaka itakuwaje?

Nimepita kwa jamaa wa vifaa. Anayo nyingine, nene zaidi, hii kifuniko kitafunga. Anataka nafasi. Nikizifunga mbili pamoja, na kibodi mbili, hakuna litakaloharibika tena.

Kabati la viatu halitazitosha zote. Lakini kabati la nguo la mke wangu, upande wa kushoto, nimelipima wakati yuko kazini. Upana uleule. Uleule!